Kamera mbili mbele ya jukwaa: upange jozi ipi?

Ukishapewa beji ya mpiga picha ya kuingia kwenye kile kichochoro kati ya jukwaa na uzio wa mashabiki, mara nyingi unasomewa masharti mawili: utapiga picha kwenye nyimbo tatu za kwanza tu, na flashi hairuhusiwi. Nyimbo tatu ni dakika kumi, kumi na tano zikizidi. Ndani ya dakika hizo moshi unamwagwa, taa zinageuka kila baada ya mapigo machache, mwimbaji yuko huku mara yuko kule, na wenzako kadhaa mnagombania pa kukanyaga. Ndiyo maana wengi wetu tunaingia na kamera mbili.

Ninaoulizwa ushauri nao wengi wameshakubali kwamba ya pili inahitajika. Kinachowasumbua ni mbili hizo ziweje: zifanane au zitofautiane, zibebe zumu (lenzi za kuvuta karibu na kurudisha mbali) au lenzi za kipimo kimoja, ziwe za kioo (DSLR) au zisizo na kioo (mirrorless). Nimeshapita karibu mipangilio yote nitakayoieleza, na msimamo wangu nautoa mapema. Kamera ya pili unaibeba ili kuokoa muda. Jozi ikikulazimisha kusimama ufikirie kidole kiende wapi, imeshakula ule muda uliokuwa unautafuta, hata sifa zake ziwe kubwa namna gani kwenye karatasi.

Moja yenye lenzi mbili, au mbili zenye lenzi moja moja

Kubadilisha lenzi kwenye meza ya nyumbani ni kazi ya sekunde chache. Kizani, ukiwa umebanwa mabega pande zote mbili, mimi inanichukua karibu nusu dakika, na hapo sijasukumwa na mtu. Nakumbuka onyesho moja nilipokuwa na kifuniko cha nyuma cha lenzi katikati ya meno, lenzi fupi kwapani, na lenzi ndefu mkononi naitafutia nukta nyekundu ya kuingizia. Wakati huohuo mpiga besi alimwendea mpiga gita, wakaegemeana mgongo kwa mgongo, shingo zimerudi nyuma, taa ya kahawia ikawapiga kwa upande. Hawakukaa hivyo hata sekunde tano. Niliwaona vizuri sana, kwa macho yangu matupu.

Lenzi ikitoka, sensa nayo inabaki wazi. Mbele ya jukwaa kuna vumbi la miguu ya watu, mvuke wa mashine za moshi, na wakati mwingine karatasi zinazorushwa hewani kama mvua. Doa moja likitua kwenye sensa mchana wa siku ya kwanza, utalikuta katika kila picha ya anga hadi usiku wa siku ya mwisho.

Kamera moja naipendekeza kwa mtu wa aina moja tu: yule ambaye bado hajaizoea hiyo moja. Kama kubadilisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kunakulazimu ushushe kamera uiangalie, ya pili itakuongezea mzigo. Piga maonyesho kadhaa kwa kamera moja na lenzi ya 24-70 mm (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), mikono ijifunze, kisha ndipo uongeze.

Liko pia suala la kuharibika. Tamasha linaendelea siku mbili, tatu, kwenye vumbi, jua na pengine mvua. Kamera ikizima saa mbili usiku hakuna atakayekusubiri. Mwenye mbili ataikamilisha kazi kwa tabu, lakini ataikamilisha.

Pacha au ndugu tu

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakiwemo wenye uzoefu.

Njia iliyozoeleka ni hii: mtu ananunua kamera mpya nzuri, na ile ya zamani inageuka kuwa ya pili. Inaonekana ni busara, maana ya zamani ipo na bado inafanya kazi. Ugumu wake huuoni mpaka taa zizimwe. Vitufe havipo mahali pamoja. Kwenye mpya ISO iko karibu na kitufe cha shata, kile cha kupigia picha, kwenye ya zamani iko juu kushoto katika kundi la vitufe vitatu vinavyofanana. Menyu zimepangwa tofauti. Betri hazibadilishani, kwa hiyo unabeba chaja mbili. Kadi nazo pengine ni za aina mbili.

Jozi ya namna hiyo niliitumia misimu miwili. Siku moja, kwenye wimbo wa pili, nilitaka kupandisha ISO kwenye ile ya zamani. Nikabonyeza kitufe nilichodhani ndicho, nikazungusha gurudumu mibofyo mitatu, nikaendelea. Kumbe nimeshika kitufe cha jirani, kile cha ubora wa picha. Wimbo mzima wa pili ukaingia kama JPEG ndogo, na giza lake lilelile, kwa sababu ISO haikuguswa. Kamera haikuwa na kosa lolote. Kidole kilikuwa kimezoea nyumba nyingine.

Pacha, yaani kamera mbili za modeli moja, zinaondoa yote hayo kwa mpigo. Kidole kinakwenda palepale bila kujali umeshika ipi. Betri sita zinatumika kokote. Rangi ya ngozi inatoka sawa, na hilo lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu taa za jukwaani zinafichua tofauti za sensa ambazo kwenye jua usingezijua. Chini ya taa ya zambarau, sensa mbili za vizazi tofauti zinaweza kukupa uso mmoja wa waridi na mwingine wa buluu, na kuzilinganisha baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya picha mojamoja. Tena kamera nyingi zinakuruhusu kuhifadhi mipangilio yako yote kwenye kadi na kuipakia kwenye nyingine ya modeli ileile. Dakika mbili, na zote mbili zina tabia moja.

Jozi mchanganyiko ina hoja moja nzito nayo: sensa mbili za ukubwa tofauti. Ukiwa na moja ya fremu kamili (sensa kubwa, 36 kwa 24 mm) na nyingine yenye sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya 70-200 mm kwenye hiyo ndogo inakupa upeo wa kuona kama wa 105-300 mm. Mbele ya jukwaa huhitaji urefu huo. Lakini wapo wasanii wasioruhusu mtu yeyote pale mbele, wapiga picha wote wanapelekwa nyuma kwenye meza ya fundi sauti, mita thelathini au zaidi. Pale mwenye 200 mm kwenye fremu kamili anapata mwimbaji anayejaza kama nusu tu ya urefu wa fremu, na mwenye sensa ndogo anapata anayejaza karibu robo tatu. Gharama yake ni mwanga. Eneo la APS-C ni dogo kwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo ukipiga kwa uwazi uleule wa lenzi, tuseme f/2.8 (namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), na fremu ileile, chenga za picha zinaongezeka kwa kiasi kinachozidi kidogo stopu moja, yaani kama umepoteza zaidi kidogo ya nusu ya mwanga. Mchana hutaziona. Usiku zitajitokeza kwenye vivuli vya shingo na nywele. Kama unajua kazi zako nyingi ni za nyuma ya umati, mchanganyiko huu wa makusudi una maana, mradi bodi (kamera zenyewe bila lenzi) zote mbili ziwe za kampuni moja na za kizazi kinachokaribiana, vitufe vifanane.

Kampuni mbili tofauti siwezi kumshauri mtu. Lenzi za Canon na za Nikon hufungwa kwa kuzungushwa pande zinazopingana, na huo ni mfano tu wa mambo madogo yanayokwenda kinyume. Lenzi ya moja haiingii kwenye nyingine, hivyo bodi moja ikifa inazikwa na lenzi yake. Bima uliyodhani unayo inakuwa nusu bima.

Ukiniuliza, pacha za kizazi kilichopita zinashinda kamera moja mpya kabisa ikifuatana na kongwe. Sensa za fremu kamili za miaka kumi iliyopita zinabeba ISO 6400 vizuri tu kwa kazi hii. Unachokosa kwenye kizazi kipya ni kasi ya fokasi kufuata jicho, na hilo nakiri ni pungufu la kweli kwa mwimbaji anayekimbia. Bado ningechagua pacha.

Lenzi: zumu mbili, vipimo viwili, au moja ya kila aina

Nitatumia uzito wa lenzi za Sony kwa mfano, kwa kuwa takwimu zake ziko wazi. Ukitumia kampuni nyingine uwiano hautabadilika sana.

| | 24-70 f/2.8 na 70-200 f/2.8 | 35 f/1.8 na 85 f/1.8 | 35 f/1.8 na 70-200 f/2.8 |
|---|---|---|---|
| Uzito wa lenzi | 695 g + 1045 g | 280 g + 371 g | 280 g + 1045 g |
| Mwanga | wa kutosha jukwaa kubwa | mara 2.4 zaidi ya f/2.8 | mwingi karibu, wa kutosha mbali |
| Ukisukumwa mbali | unajitosheleza | unakwama | unajitosheleza |
| Inapokusaliti | bega, baada ya saa nyingi | jukwaa refu, msanii aliye nyuma | anayesimama kati ya karibu na mbali |

Zumu mbili za f/2.8 ndizo utakazoziona mabegani mwa wengi pale mbele, na zimestahili. Kuanzia 24 hadi 200 mm hakuna pengo. Mwimbaji akija kukupigia magoti usoni unayo fupi, akirudi nyuma kwa mpiga dramu unayo ndefu, na wewe hujahama. Kwa kuwa kuhama ni jambo la kuomba radhi kwa watu watatu, hiyo si faida ndogo. Tatizo ni mzigo. Gramu hizo 1740 ni lenzi tu, ongeza bodi mbili na unakaribia kilo tatu na nusu zinazoning'inia kuanzia mchana hadi usiku wa manane. Mambo yanaboreka, kwa kweli: 70-200 mm f/2.8 GM ya kwanza ya Sony, ya 2016, ilikuwa na gramu 1480, na toleo la pili la 2021 likashuka hadi 1045. Bega linaisikia tofauti hiyo.

Lenzi za kipimo kimoja zinang'aa kwenye hema dogo, ukumbi wa chini, jukwaa la pembeni ambalo lina taa nne na mbili zimeelekezwa ukutani. Mahali ambapo f/2.8 inakudai ISO 6400, f/1.8 inakuomba kama 2500. Hiyo ni tofauti kati ya uso wenye chenga na uso wenye ngozi. Ila uwazi huo una hila yake. Ukiwa na 85 mm kwenye f/1.8, karibu na msanii, sehemu iliyo kali ni nyembamba mno. Fokasi ikinasa maiki, na hupenda sana kunasa maiki kwa sababu iko mbele na ina matundu yenye utofauti mkali, macho yanakuwa laini. Kwenye skrini ndogo ya kamera utaona picha nzuri. Kwenye kompyuta utaona maiki iliyopigwa vizuri kuliko zote duniani. Mimi naweka alama ya fokasi kwenye jicho lililo karibu, nashusha hadi f/2.2, na napiga tatu tatu.

Kuna jambo jingine kuhusu vipimo viwili ambalo sijawahi kuliona kwenye orodha za sifa. Zinakufanya usogee, na ukisogea unaona. Kwa zumu nimejikuta nimesimama mahali pamoja nyimbo zote tatu, nazungusha pete tu, na nyumbani nakuta picha mia mbili za pembe moja. Kwa 35 mm lazima nitoke, nipite upande wa pili, niinuke, nichuchumae. Hapo ndipo nilipojifunza kusimama upande usio wa mkono ulioshika maiki, ili mkono na maiki visimfunike mwimbaji mdomo. Ni hatua mbili za mguu, na picha inabadilika kabisa.

Jozi ya tatu ndiyo ninayoitembeza sasa. Thelathini na tano inakaa upande wa kulia, nyepesi, tayari kwa msanii anayekuja ukingoni, mikono ya mashabiki, na jukwaa zima ukirudi hatua chache. Ndefu inafanya kazi nyingine zote. Pengo la 35 hadi 70 lipo na huwa linaniuma, hasa wapiga vyombo wawili wakikaribiana mita tatu kutoka kwangu: fupi inawaacha wadogo, ndefu inawakata. Nalivumilia kwa sababu ya uzito na ule mwanga wa f/1.8. Kama ni tamasha lako la kwanza, au umeajiriwa na mtu anayetaka kila kitu, usinifuate. Chukua zumu mbili.

Lenzi za f/4 sikuziweka kwenye jedwali. Zinapokea nusu ya mwanga wa f/2.8. Kwa maonyesho ya mchana zinatosha na wala hakuna sababu ya kuzionea aibu. Jua likishazama zitakubana.

Shata, na ile mistari inayokuja na taa za LED

Miaka ya taa za balbu tatizo hili halikuwepo. Taa za LED za jukwaani hazipunguzwi mwanga kwa kushusha umeme kidogo kidogo, nyingi huwashwa na kuzimwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho lako linajumlisha. Kamera haijumlishi. Shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi za kawaida inasoma sensa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na safari hiyo huweza kuchukua hadi 1/15 au 1/30 ya sekunde. Taa ikiwaka na kuzima katikati ya safari, picha inapata mistari ya kulala, myeusi na myeupe kwa zamu, kama pundamilia. Ukirudi nyumbani hakuna programu itakayokufutia vizuri.

Shata ya kimakanika, ile ya pazia, inavuka sensa kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo mistari inapungua sana, ingawa haiishi kabisa kwenye kasi za 1/1000 na kuendelea. Kwa hiyo ukilinganisha kamera mbili za kununua, uliza sensa inasomwa kwa kasi gani kabla hujauliza ina pikseli ngapi. Nikon Z9 ya 2021 na Z8 ya 2023 hazina shata ya kimakanika kabisa, na zinaweza hivyo kwa sababu sensa zao husomwa haraka mno. Sony a9 III, iliyotangazwa 2023, ilikwenda mbali zaidi: sensa yake inasoma pikseli zote kwa wakati mmoja, hivyo mstari hauna pa kutokea. Nayo ina gharama yake, ISO yake ya chini kabisa ni 250 badala ya 100 au 64 tuliyozoea. Kwa jukwaa la usiku hilo halimsumbui mtu.

Sasa weka hilo kwenye jozi. Kama bodi moja ina sensa ya haraka na nyingine haina, lazima kichwa chako kikumbuke ipi inaruhusiwa shata ya kimya, yaani ya kielektroniki, na ipi hairuhusiwi. Mimi nimezifungia zote mbili kwenye shata ya kimakanika. Hakuna anayesikia mlio wako mbele ya spika zenye ukubwa wa mlango. Isipokuwa pale ambapo msanii amekaa kwenye kiti na gita moja, ukumbi umenyamaza, unasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Pale ninawasha ya kimya, napiga picha tano, nazikuza kwenye skrini nitafute mistari, na kama hakuna ninaendelea.

Kamera za kioo hazijapitwa na wakati kwa kazi hii. Betri zake zinadumu, mara nyingi moja inamaliza siku, wakati zisizo na kioo mimi nabadilisha mara mbili au tatu. Unaona jukwaa lenyewe kupitia kioo, bila kuchelewa. Lakini huoni picha itakavyotoka, na kwenye taa zinazobadilika kila sekunde hilo ndilo linalonifanya nipende zisizo na kioo: uso ukiungua ninauona unaungua kabla sijabonyeza. Moja ya kioo na moja isiyo na kioo ndiyo jozi inayochosha kuliko zote. Jicho moja linaona mwanga halisi, linahamia kwingine linaona mwanga uliotafsiriwa, na kila ukibadilisha unahitaji nukta ya kuzoea upya.

Na miale ya leza, kwa kamera yoyote: ikianza kufagia kuelekea kwako, geuza lenzi. Inaweza kuchoma sensa moja kwa moja, na kamera isiyo na kioo sensa yake iko wazi muda wote unapochungulia.

Mipangilio: kamera ifikiri, au ufikiri wewe

Jukwaa lina giza kubwa nyuma na kipande kidogo cha mwanga usoni. Kamera ikiachiwa kupima yenyewe kwa fremu nzima, inaliona giza, inajaribu kuling'arisha, na uso unaungua. Ngozi nyeusi chini ya taa nyeupe kali inadanganya kwa namna yake pia: sehemu kubwa ya uso inasomeka giza, wakati paji la uso na pua vimeshaungua kwa jasho linalometa.

Kwa hiyo nalinganisha hivi. Mipangilio ya kiotomatiki inakufaa mchana, jua linapoingia na kutoka mawinguni. Usiku, mkono. Naziweka zote mbili kwenye kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, f/2.8 na ISO 3200 nikiwa bado nasubiri, na baada ya picha za kwanza narekebisha ISO pekee. Kwa mwimbaji aliyesimama kwenye stendi ya maiki 1/250 inatosha. Kwa mtu anayeruka nataka 1/1000, na kwa mpiga dramu pia, isipokuwa nikitaka ukungu wa fimbo zake, hapo narudi 1/200 na uso wake unabaki mkali maana kichwa hakiendi mbali.

Rangi ya mwanga nazifungia zote kwenye Kelvini moja, 4500 mara nyingi, na napiga RAW, faili ghafi ambalo rangi yake inarekebishika baadaye. Nikiiacha ya kiotomatiki kila kamera itakuwa na maoni yake, na maoni hayo yatabadilika picha kwa picha. Taa ya buluu tupu nitakuonya juu yake: grafu ya mwanga ya jumla (histogramu) inakuonyesha picha ni salama wakati mkondo wa buluu umeshafika mwisho na mwekundu uko mtupu. Tazama grafu ya rangi tatu. Au fanya kama ninavyofanya mimi mara nyingi, subiri. Fundi taa atarudisha nyeupe.

Kubeba

Mikanda miwili ya kawaida inayopishana kifuani inafanya kazi saa moja, kisha inaanza kukunyonga. Mkanda wa mabega yote mawili, ule wa kamera kuning'inia kila upande wa nyonga, unagawa uzito vizuri na kamera inapanda usoni bila kukwama. Kasoro yake ni kwamba ukiinama au ukikimbia, lenzi ndefu inabembea na kugonga uzio. Ivishe lenzi kile kikingio cha mbele cha kukinga mwanga, kitapokea kipigo badala ya kioo. Skrubu inayoshika kamera kwenye mkanda hulegea yenyewe kwa mtikisiko wa kutwa. Ninaigusa kwa kidole kabla ya kila seti, zote mbili, na siku moja nimeikuta imebakiza mzunguko mmoja.

Vizibo vya masikio vining'inie kwenye mkanda huohuo. Kwa viwango vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane, na ya desibeli 100 dakika 15 tu. Wewe unasimama mbele ya spika kuliko mtu yeyote aliyelipa kiingilio.

Saa

Hili ni la kamera mbili peke yake, na mwenye kamera moja hajawahi kuliwaza. Niliwahi kumpelekea mteja picha za onyesho zima, zimepangwa kwa saa za kupigwa. Akanirudia akiuliza kwa nini mwimbaji anavua koti, analivaa, halafu anavua tena. Saa za kamera zangu zilikuwa zimepishana dakika saba. Koti lilivuliwa mara moja tu.

Pacha wana mtego wa ziada: wanaweza kutoa mafaili yenye majina yaleyale, na ukiyamwaga kwenye folda moja, moja linafunika jingine. Kwenye menyu badilisha herufi za mwanzo za jina, kamera moja ianze na A, nyingine na B. Kisha weka saa zao ziwe sawa. Na kwa kuwa saa za kamera huteleza zenyewe, kila siku ya tamasha, kabla sijaingia, nafungua saa yenye sekunde kwenye simu na kuipiga picha kwa kamera zote mbili. Usiku, kwenye kompyuta, nalinganisha saa ya simu na ile iliyoandikwa kwenye faili. Zikipishana, programu ya kupangia picha inazisogeza zote za kamera hiyo kwa tofauti niliyoiona, na kila kitu kinakaa kwenye mfuatano wake.